Msimu, Likizo na Ndoa: Filamu ya Wakata Miwa na Somo Lake kwa Wafasiri

Utangulizi

Ni desturi ya wahakiki kuitazama filamu iliyotokana na tamthilia kwa kuuliza kama waigizaji wameigiza vema na kama hadithi imefuatwa. Maswali hayo ni ya haki. Lakini kwa wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wao ni wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaoshughulika na maneno kila siku, liko swali jingine linalotangulia hayo: je, neno lililoibeba tamthilia limefika salama katika filamu, au limeachwa njiani? Madhumuni ya makala haya ni kulijibu swali hilo kwa kuichunguza filamu moja, na kuonyesha kwamba kosa lililofanywa na watengenezaji wake linaweza kufanywa vilevile na mfasiri wa Kiswahili asipokuwa mwangalifu.

Tamthilia yenyewe ni Summer of the Seventeenth Doll, iliyotungwa na Ray Lawler wa Australia na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Melbourne tarehe 28 Novemba 1955. Filamu yake iliongozwa na Leslie Norman, Mwingereza, ikapigwa Sydney na kutolewa mwaka 1959. Huko Marekani ilipewa jina jingine, Season of Passion, na jina hilo tutalirudia baadaye. Mtunzi alifariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 103, na tamthilia yake imekwisha kuhesabiwa miongoni mwa misingi ya fasihi ya jukwaani ya nchi yake.

Huenda msomaji akauliza: kisa cha wakata miwa wa Australia kinatuhusu nini sisi? Kinatuhusu kwa sababu kinasimulia mapenzi ya wafanyakazi wa msimu, na watu wa namna hiyo wamepita katika nchi yetu kwa zaidi ya karne moja. Eneo lililo kati ya Ubena Zomozi, Chalinze na Bagamoyo ni ushahidi. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka kwa maelfu hadi Bagamoyo, wakakaa wakingoja mizigo, kisha wakarudi bara kwa wakati wa kulima. Baadaye ulikuja mkonge na watu wake, na siku hizi miwa imepandwa Makurunge. Pwani yenyewe ina wavuvi wanaokwenda dago, yaani wanaohama na vyombo vyao na kupiga kambi ufuko wa mbali mpaka upepo ubadilike. Kila mahali palipo na watu wa jinsi hii pana nyumba wanazofikia, na katika nyumba hizo mna wanawake wanaowangoja au wasiowangoja. Kwa hiyo si ajabu kwamba Kiswahili kina maneno mengi ya mambo haya. Lililo ajabu ni jinsi maneno hayo yanavyosahauliwa mara mfasiri anaposhika kalamu.

Tamthilia na hesabu yake ya miezi

Roo na Barney ni wakata miwa wa Queensland, kaskazini mwa Australia. Kwa miezi saba ya mwaka hukata miwa. Miezi mitano inayobaki husafiri mwendo mrefu hadi Carlton, mtaa wa mji wa Melbourne ulio kusini, wakaishi huko na wanawake wawili, Olive na Nancy, ambao ni wahudumu wa baa. Kila mwaka Roo humletea Olive mwanasesere mmoja, kitu cha bei rahisi cha kuuzwa katika maonyesho, na Olive humpamba nacho ukuta wa nyumba kana kwamba ni hati ya thamani.

Mchezo unapoanza ni mwaka wa kumi na saba, na mambo yamegeuka. Nancy ameolewa na mtu mwingine. Olive amemleta Pearl, mwanamke mjane anayejali heshima yake, ashike nafasi iliyoachwa. Roo amegombana na kijana Johnnie Dowd aliyemshinda kwa kasi ya kukata, akaliacha genge lake kabla ya msimu kwisha, na amefika mjini bila fedha. Ili apate riziki anaajiriwa katika kiwanda cha rangi hapohapo mjini.

Mtazamaji asiye makini ataona kwamba huko kuajiriwa kiwandani ni jambo dogo. Kumbe ndiko kunakoivunja nyumba. Kwa miaka kumi na sita Olive ameishi kwa hesabu moja: miezi saba ni ya kazi na kungoja, miezi mitano ni ya maisha. Roo anaporudi jioni akiwa na rangi mikononi, mpaka kati ya sehemu hizo mbili umefutika. Kazi imeingia ndani ya miezi isiyo ya kazi. Ndipo Emma, mama yake Olive, anapomwambia Roo ukweli ambao hakuna mwingine aliyethubutu kuutamka, kwamba wote wamezeeka. Roo anajaribu kuokoa kilichobaki kwa kumwomba Olive waoane. Olive anakataa kwa kilio na ghadhabu. Hataki ndoa. Anataka arudishiwe kile alichokuwa nacho. Roo anamvunjavunja mwanasesere wa kumi na saba, na wanaume wawili wanaondoka pamoja.

Yafaa ikumbukwe kwamba haya yote hutendeka katika chumba kimoja. Shamba la miwa halionekani hata mara moja jukwaani. Joto lake, jasho lake, ushindani wake na fahari yake vyote vimo katika maneno ya wahusika tu. Hapo ndipo penye fani ya Lawler: ameijenga miezi saba isiyoonekana kwa mazungumzo ya watu walio katika miezi mitano inayoonekana. Mtu akikosea kulielewa jina la miezi hiyo mitano, ameikosa tamthilia nzima.

Filamu ilivyofanya

Filamu imebadili mambo matatu makubwa. Kwanza ni mahali. Kisa kimehamishwa kutoka Carlton, mtaa wa watu wa kazi, kikapelekwa Sydney, mji wenye bandari ya kupendeza, na wahusika wanatembezwa nje hadi uwanja wa michezo na bembea uitwao Luna Park. Pili ni sauti. Roo ameigizwa na Ernest Borgnine na Olive na Anne Baxter, wote wawili Wamarekani, na Barney ameigizwa na John Mills, Mwingereza. Angela Lansbury, aliyezaliwa London, alimwigiza Pearl. Tatu ni mwisho. Katika filamu Roo na Olive wanapatana, na mtazamaji anatoka akiwa na tumaini.

Wahakiki wengi wameyalaumu mabadiliko haya moja moja. Wamesema Sydney ni mzuri mno, lafudhi ya Kimarekani haifai, na mwisho wa furaha ni wa kibiashara. Lawama hizo ni za kweli, lakini hazijafika kwenye mzizi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, mabadiliko yote matatu yametoka katika kosa moja la maana. Watengenezaji wa filamu waliielewa miezi mitano ya Roo na Olive kuwa ni likizo.

Ukiisha kuiita likizo, yanayofuata hayaepukiki. Likizo huhitaji mandhari ya kupendeza, hivyo Sydney na bembea zake. Watu walio likizoni wanaweza kuwa wa kokote, hivyo lafudhi haina uzito. Na mapenzi ya likizoni yana miisho miwili tu inayojulikana: ama ni mchezo unaokwisha likizo inapokwisha, ama yanakomaa na kuwa ndoa. Filamu ilichagua mwisho wa pili kwa sababu, kwa mujibu wa neno lake, huo ndio mwisho mwema. Hata jina ililopewa Marekani linathibitisha haya. Neno msimu limo, lakini limenyang'anywa kazi na kupewa mahaba. Msimu wa wakata miwa umegeuka kuwa msimu wa ashiki.

Yupo atakayesema kwamba filamu ni fani huru, wala haifungwi na jukwaa. Hilo ni kweli, na hakuna haja ya kuilazimisha kamera ikae katika chumba kimoja. Kamera ingeweza kutuonyesha shamba lenyewe na mikono ya Roo iliyokwisha kuchoka, na labda ingeyasema mambo ambayo jukwaa haliwezi kuyasema. Tunachokilaumu si kwamba filamu ilitoka nje ya chumba. Tunalaumu kwamba ilipotoka ilikwenda kwenye bembea.

Kosa hili si la Australia peke yake. Sinema katika nchi yetu nayo ilianza na jicho la namna hiyo. Mradi wa filamu za elimu uliofanya kazi Vugiri, karibu na Korogwe, kati ya mwaka 1935 na 1937, uliongozwa kwa upande wa ufundi na L. A. Notcutt, ambaye hapo nyuma alikuwa msimamizi wa shamba la mkonge, na mojawapo ya mawazo yake ya mwanzo lilikuwa kwamba sinema ingeweza kuwafanya wafanyakazi wa mashamba waridhike na kutulia. Filamu za Kiswahili za miaka ya 1950, kama Muhogo Mchungu ya mwaka 1952 ambayo Rashidi Kawawa aliigiza, zilimpokea mtu wa shamba pale anapoingia mjini. Katika filamu za namna hii kamera humtazama mfanyakazi saa ambazo hafanyi kazi, na humtazama kana kwamba saa hizo hazina uhusiano na nyingine. Lawler alikataa kutengana huko. Filamu ilikurudisha.

Kiangazi, msimu na likizo

Sasa tuchukulie kwamba mfasiri wetu anataka kuiweka tamthilia hii katika Kiswahili, au kuiandikia filamu maneno ya Kiswahili ili ionyeshwe kwa wanafunzi wa sanaa. Taabu yake inaanza na jina. Tafsiri ya haraka itakuwa Kiangazi cha Mwanasesere wa Kumi na Saba. Inasikika vizuri, na kwa mkazi wa pwani anayejua kwamba miezi ya Desemba hadi Februari ni ya jua kali, si mbali na ukweli wa Melbourne.

Lakini msomee jina hilo mkata miwa wa Kilombero au Mtibwa. Kwake yeye msimu wa kukata na kusaga miwa huanza yapata mwezi wa Juni, mvua zikiisha, na husimama masika yanapokaribia. Kiangazi, awe ni mtu wa bara anayeliita hivyo jua la Juni hadi Oktoba au ni mtu wa pwani anayeliita hivyo joto la Januari, ni wakati wa kazi. Jina la tamthilia litamwambia kinyume kabisa cha alichokusudia mtunzi. Na ajabu ni kwamba Queensland nako wakata miwa huacha kazi mvua zinapoingia. Kwa upande wa kazi, majira ya mapumziko ya Roo yanalingana na masika yetu, na kwa upande wa hewa ya Melbourne yanalingana na kiangazi. Hakuna neno moja la majira litakaloyatimiza yote mawili.

Pendekezo letu ni kwamba jina la majira liachwe kabisa, na tamthilia iitwe Mwanasesere wa Kumi na Saba. Kinachopungua ni joto la jua, na joto hilo litapatikana ndani ya mchezo. Kinachookolewa ni hesabu ya miaka, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kisa. Tena Kiswahili hapa kinatoa zaidi ya kinachochukua, kwa kuwa neno mwanasesere lina mwana ndani yake. Olive hana mtoto. Ana wana kumi na saba wa bandia ukutani, na msikilizaji wa Kiswahili ataligundua hilo bila ya kuambiwa.

Jina likiisha, linabaki lile neno la miezi mitano. Maneno yaliyo karibu ni likizo, mapumziko, na kuachishwa kazi. Likizo hutolewa na mwajiri. Mwenye likizo bado ni mtumishi, ana mshahara wake, na ana tarehe ya kurudi. Roo hana mwajiri katika miezi mitano hiyo wala hapewi mshahara. Kuachishwa kazi ni kupoteza kazi, na Roo hajapoteza kitu, kwani miwa ikikomaa atahitajiwa tena. Mapumziko ni karibu zaidi, lakini ni neno pana mno: hata nusu saa ya chai ni mapumziko.

Hazina ya pwani inatupa msaada. Neno msimu lenyewe lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya wakati maalumu, na katika bandari zetu lilikuwa neno la kazi kabla ya kuwa neno la hewa. Msimu ulikuwa ni majira ya vyombo: majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, na mabaharia wake walikaa nchi kavu hadi kusi ivume ndipo warudi. Walikuwa wakingoja msimu. Hawakuwa likizoni, wala hawakuwa wameachishwa kazi. Kungoja kwao kulikuwa sehemu ya safari, na humo walifanya biashara, walikopa, walipenda na wengine walioa. Mpagazi aliyekaa Bagamoyo akisubiri mzigo alikuwa katika hali hiyohiyo. Mvuvi naye anajua kwamba siku za maji mafu zimo ndani ya kazi yake sawasawa na siku za bamvua.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika mazungumzo ya mchezo huu miezi mitano iitwe miezi ya kungoja msimu, au kwa kifupi kungoja msimu. Faida ya maneno haya ni kwamba kazi inabaki ndani yake. Na yana faida ya pili ambayo ni ya kidrama: yanageuza swali la nani anayengoja. Tulidhani ni Olive anayengoja kwa miezi saba. Kumbe Roo naye, akiwa amekaa kwenye kiti cha Olive, anangoja kitu kingine. Filamu isingeweza kuliona hilo, kwa kuwa mtu aliye likizoni hangoji kitu.

Mkata miwa, manamba na kirangozi

Jambo la pili ni jina la mtu mwenyewe. Wafasiri wengi wakikutana na mfanyakazi wa shamba kubwa huchukua neno manamba, kwa kuwa lina historia na lina uchungu. Neno hilo lilitokana na namba waliyopewa watu walioandikishwa kwenda mashamba ya mkonge, wakiwamo Wabena wa Njombe na wengine wengi kutoka mbali, na hasa baada ya kuanzishwa mwaka 1944 kwa ofisi ya kuandikisha watu hao iliyojulikana kama SILABU. Manamba alifanya kazi kwa kipande cha siku thelathini, kwa ujira mdogo. Ni neno la mtu aliyefutwa jina akapewa tarakimu.

Roo si manamba. Analipwa vizuri kwa kiasi alichokata, anajulikana kwa jina lake katika kila baa, na fahari yake ndiyo inayomponza. Kumwita manamba ni kumwonea huruma ambayo hakuiomba, na ni kuwapunguzia manamba wa kweli uzito wa historia yao. Haya ni muhimu zaidi ukikumbuka kwamba mashamba ya Queensland nayo yalikuwa na watu walioonewa: katika nusu ya pili ya karne ya 19 yalilimwa na watu wa visiwa vya Pasifiki waliopelekwa huko kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa hila au kwa nguvu, kisha wengi wao wakafukuzwa nchini mwanzoni mwa karne ya 20 ili kazi ishikwe na Wazungu. Tamthilia haiwataji. Mfasiri akimvika Roo neno manamba atakuwa amewafuta mara ya pili.

Neno kibarua nalo halifai. Asili yake ni cheti kidogo cha kazi ya siku moja, na hata leo mtu akisema anafanya kibarua ameishusha kazi yake kabla hujamwuliza. Neno sahihi lipo wazi, nalo ni mkata miwa. Pale panapohitajika istilahi ya jumla, kwa mfano katika maandishi ya serikali, mfanyakazi wa msimu linatosha. Kanuni ya kufuata ni nyepesi: mtu ana jina la kazi yake, basi aitwe kwa hilo kabla ya kuitwa kwa jina la hali yake.

Cheo cha Roo kinahitaji uangalifu zaidi. Yeye ndiye mkuu wa genge. Neno linalokuja ulimini ni mnyapara. Lakini mnyapara wa mashamba yetu, kama anavyokumbukwa, ni mtu wa kusimamia na kukaripia huku wengine wakiinama. Roo anainama mbele ya wote, na ana haki ya kuongoza kwa sababu hiyo tu. Siku aliyozidiwa kasi na Dowd, haki hiyo ilimtoka. Hapa lugha ya misafara ya Bagamoyo ina neno lililosahauliwa ambalo lafaa lirudishwe, nalo ni kirangozi. Kirangozi alikuwa mpagazi aliyetangulia msafara, akiweka mwendo ambao wengine waliufuata. Aliongoza kwa miguu yake. Kumwita Roo kirangozi wa genge ni kumweleza msomaji kwa neno moja kwa nini kushindwa mbio za panga ni msiba, wala si aibu ya kupita. Kiongozi lingeeleweka upesi zaidi, lakini siku hizi neno hilo limekaa ofisini mno.

Olive tumwiteje?

Tumefika penye neno zito kuliko yote. Roo na Olive ni nani kwa mwenzake? Kiswahili kina maneno mengi hapa, na karibu kila moja linatoa hukumu. Hawara linashutumu. Kimada linamfanya mwanamke awe kitu kinachotunzwa kwa fedha, na Olive anajitunza kwa kazi yake mwenyewe. Mchumba linaahidi ndoa, nayo ndiyo Olive anayoikataa. Mke ni uongo. Mpenzi halina kosa, ila ni jepesi kwa mambo ya miaka kumi na saba.

Hapa pana mfano wa kujifunza katika maktaba yetu. Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, aliiita Mabepari wa Venisi, kitabu kikatoka mwaka 1969. Badala ya neno la biashara alichagua neno la tabaka, na badala ya mmoja aliweka wengi. Mtu anaweza kukubali au kukataa, lakini hawezi kusema hakuona: mfasiri alihukumu, na alihukumu hadharani, katika jina la kitabu. Hatari ni mfasiri anayehukumu bila kujua, kwa kuchukua neno la kwanza lililomjia. Akiandika hawara katika ukurasa wa kwanza, msomaji atautarajia mwisho wa filamu, yaani hawara atubu aolewe. Kukataa kwa Olive kutaonekana ni wazimu.

Sheria yetu inaonyesha jinsi jambo lilivyo gumu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inaweka dhana kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, wakapata sifa ya kuwa mume na mke, walikuwa wameoana, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Tupige hesabu. Kabla ya msimu huu wa mwisho Roo na Olive wamekwisha kukaa pamoja misimu kumi na sita ya miezi mitano, ambayo ni miezi themanini, yaani miaka sita na miezi minane. Lakini haikupata kuwa mfululizo, na wao wenyewe hawakutaka sifa hiyo. Makala haya si mahali pa kutoa hukumu ya kisheria. Tunachosema ni kwamba katika nchi yetu swali la mahusiano ya namna hii lina mirathi ndani yake, lina matunzo, na lina watoto. Karani anayeandika maelezo ya mwanamke wa nyumba ya wageni karibu na kiwanda cha sukari analichagua neno lilelile ambalo mfasiri wa tamthilia analichagua, na neno hilo likiwa baya, mwanamke ndiye atakayelipa.

Usemi ulio mwadilifu kuliko yote, kwa maoni yetu, ni ule wa kawaida: wanaishi kinyumba. Unasema lililopo bila ya kupanga litakalokuja. Na mahali Olive anapojieleza mwenyewe, asipewe jina lolote. Katika tamthilia yeye hajiiti kitu. Anahesabu tu wanasesere.

Hitimisho

Filamu ya mwaka 1959 haikosi mazuri. Waigizaji wake ni watu wa ustadi, na maneno mengi ya Lawler yamesikika humo mbele ya watazamaji ambao wasingefika Melbourne. Hata hivyo imeshindwa, kwa sababu ililifasiri neno moja vibaya na kisha ikawa aminifu kwa kosa hilo hadi mwisho. Ndiyo maana ndoa inayoonekana katika filamu kuwa zawadi ni ileile ambayo katika tamthilia ni msiba. Olive wa jukwaani anajua kwamba Roo anayemwomba ndoa si yule kirangozi aliyekuwa akimjia kila mwaka. Anaombwa akubali kilichobaki, naye anakataa. Kumnyima haki ya kukataa ni kumwambia kwamba miaka yake kumi na sita ilikuwa ni kungoja ndoa.

Wakata miwa wa Queensland wamekwisha toweka. Katika miaka ya 1960 na 1970 mashine zilichukua kazi yao. Wetu wangalipo Kilombero, Mtibwa na kwingineko, na wavuvi wa pwani wangali wakienda dago. Siku itakapotungwa tamthilia ya Kiswahili juu ya watu hawa, na filamu kutokana na tamthilia hiyo, mtunzi asiende kuomba maneno likizoni. Mengi ya anayoyahitaji yamekwisha semwa kambini, gengeni na bandarini. Wajibu wa wenye kamusi ni kuyaandika kabla wanaoyasema hawajaondoka, na wajibu wa walimu ni kuyafundisha pamoja na kazi iliyoyazaa.